Muziki wa sauti kamili: piga hesabu ya bando kabla hujalipia

Huenda nawe umepata ujumbe wa namna hii. Shangazi, kaka au rafiki mliyeimba naye kwaya hapa Dzaleka, sasa yuko Canada, Marekani au Australia. Anakwambia: “Achana na muziki wa kupakua ovyo. Siku hizi kuna huduma zenye sauti kamili, utasikia hadi pumzi ya mwimbaji.” Kisha anataja majina: Apple Music, Spotify, Tidal, Deezer.

Ushauri wake si mbaya. Ila yeye anasikiliza kwa intaneti ya nyumbani ambayo haihesabiwi kwa MB, na analipia kwa kadi ya benki. Wewe unanunua bando kwa kwacha, wakati mwingine la siku moja tu, na pesa hiyohiyo inasubiriwa na unga, sabuni na daftari la mtoto. Ndiyo maana tumeandika makala haya. Iwe unayasoma ukiwa Dzaleka, mjini Lilongwe au kule Mitundu, tunataka ujue unachonunua kabla pesa haijatoka mfukoni.

Kwa ufupi

• Sauti kamili hula bando karibu mara tano kuliko sauti ya kilobiti 160.
• Ukisikiliza kwa hedifoni za Bluetooth au spika ndogo ya simu, sehemu kubwa ya ziada hiyo haifiki masikioni.
• Kwa msikilizaji wa kawaida, kupakua wimbo mara moja na kuurudia bila intaneti kuna faida zaidi kuliko kutafuta ubora wa juu kabisa.
• Kwa kwaya, mwanamuziki au mwenye studio, mambo ni tofauti: rekodi yako ya kwanza lazima uitunze katika sauti kamili. Ikishapotea, hairudi.

Sauti kamili ni nini?

Sauti ikiingia kwenye kompyuta hugeuzwa kuwa namba. Kwa kiwango cha CD, kompyuta hupima sauti mara 44,100 kila sekunde, kwa upande wa kushoto na upande wa kulia. Hesabu hiyo hufika kilobiti 1,411 kwa kila sekunde ya muziki. Wimbo mmoja wa dakika nne unakuwa na uzito wa MB 42 hivi. Ni mzigo mkubwa, kwa hiyo watu walitafuta njia za kuufungasha.

Njia ya kwanza ni kupunguza. MP3 na AAC hufanya hivyo: huondoa sehemu za sauti ambazo sikio la binadamu halizitambui kwa urahisi, na faili linakuwa dogo sana. Kilichoondolewa kimekwenda moja kwa moja.

Njia ya pili ni kukunja bila kuondoa kitu. Fikiria unakunja nguo vizuri ili zote ziingie kwenye begi. Ukifika unapokwenda na kulifungua, hakuna hata shati moja lililopungua. FLAC, iliyoanza kutumika mwaka 2001, hufanya kazi hiyo, na Apple wana yao inayoitwa ALAC. Wimbo wetu wa MB 42 ukikunjwa hivyo hushuka hadi MB 25 hivi, na ukifunguliwa unarudi vilevile ulivyokuwa. Hiyo ndiyo tunayoiita sauti kamili hapa. Kwenye simu yako utaiona imeandikwa “Lossless”.

Kuna pia daraja la juu zaidi, “Hi-Res”, ambalo hupima sauti mara nyingi zaidi kwa sekunde, hadi mara 192,000. Hilo ni zito kupita kiasi. Wimbo mmoja unaweza kufika MB 150.

Hesabu ya bando

Tuchukue wimbo wa dakika nne na bando la GB 1. Hizi ni hesabu za kukadiria, lakini zinatosha kukuongoza:

• Kilobiti 96 kwa sekunde (sauti ya kawaida): karibu MB 3 kwa wimbo. GB 1 inakupa nyimbo zaidi ya 300.
• Kilobiti 160: karibu MB 5. Nyimbo kama 200.
• Kilobiti 320 (juu kabisa kwa sauti iliyopunguzwa): karibu MB 10. Nyimbo kama 100.
• Sauti kamili ya kiwango cha CD: karibu MB 25. Nyimbo kama 40.
• “Hi-Res” ya juu kabisa: hadi MB 150. Nyimbo sita au saba, bando limekwisha.

Tukihesabu kwa saa, kilobiti 160 hula MB 72, na sauti kamili hula MB 375 hivi. Mtu anayesikiliza saa mbili kila jioni kwa sauti kamili anahitaji zaidi ya GB 22 kwa mwezi. Chukua bei ya bando unalonunua, igawanye kwa idadi ya GB zilizomo, kisha zidisha kwa 22. Namba utakayopata ndiyo bei halisi ya muziki huo, na ada ya huduma yenyewe bado hatujaihesabu.

Sasa angalia upande wa pili. Tuseme unajifunza wimbo mpya wa kwaya na unaurudia mara 20. Ukiuvuta kutoka mtandaoni kila mara kwa sauti kamili, unaweza kutumia MB 500. Ukiupakua mara moja kwenye simu, umetumia MB 25 tu, hata ukiurudia mara 100. Baadhi ya programu hutunza wimbo kwa muda baada ya kuusikiliza, lakini usilitegemee hilo. Pakua.

Kwa hiyo kama una hamu ya sauti kamili, ipakue ukiwa na Wi-Fi ya kituo cha mafunzo au ya jamaa aliye mjini, kisha uisikilize nyumbani bila bando. Kumbuka nafasi kwenye simu: nyimbo 100 za sauti kamili huchukua GB 2.5 hivi.

Huduma zipi zipo?

Apple Music. Ilifunguliwa Malawi mwaka 2020. Tangu Juni 2021 inatoa sauti kamili bila kuongeza ada. Si lazima uwe na iPhone, kwani ipo programu yake ya simu za Android. Sauti kamili haijiwashi yenyewe. Unaiwasha kwenye mipangilio ya ubora wa sauti. Hapo unaweza kuchagua kiwango kimoja kwa data ya simu, kingine kwa Wi-Fi na kingine kwa kupakua. Ushauri wetu: data ya simu iwe kiwango cha chini, kupakua kuwe kwa Wi-Fi tu.

Spotify. Ilifika Malawi Februari 2021, pamoja na Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Unaweza kuitumia bure ukivumilia matangazo, na mwenye kulipia hupata hadi kilobiti 320. Sauti kamili ilisubiriwa miaka mingi: iliahidiwa Februari 2021, ikaanza kutolewa Septemba 2025, nchi kwa nchi, kwa wanaolipia. Usilipe kwa sababu ya tangazo la nchi nyingine. Fungua mipangilio ya akaunti yako mwenyewe uone kama “Lossless” imo. Jambo zuri ni kwamba Spotify ina kiwango cha chini kabisa cha kilobiti 24, kinachokusaidia siku ambazo bando limebaki kidogo.

Deezer. Ni huduma ya Ufaransa iliyoanza mwaka 2007. Ina sauti kamili ya kiwango cha CD na inafanya kazi katika nchi nyingi za Afrika. Kabla ya kulipa, jaribu kufungua akaunti na uangalie kama njia ya malipo uliyonayo inakubaliwa.

Tidal, Qobuz na Amazon Music. Zote zinasifiwa kwa sauti kamili, na ndizo ndugu zetu walio nje huzitaja zaidi. Lakini kila moja ina orodha yake ya nchi inazohudumia. Kama nchi unayoishi haimo, usihangaike na ujanja wa kuonekana uko nchi nyingine. Akaunti inaweza kufungwa ukiwa umeshalipa.

Boomplay, Audiomack na Mdundo. Hizi ndizo wengi wetu tunazo tayari. Boomplay ilianza mwaka 2015 na huja ndani ya simu nyingi za Tecno, Infinix na itel. Mdundo ilianzia Nairobi, na unapakua MP3 moja kwa moja kwenye simu. Nguvu yao haiko kwenye sauti kamili. Iko kwenye muziki wetu: injili, rumba, bongo fleva, na wasanii wa Malawi na wa Kongo ambao huenda usiwapate kwa urahisi kwingine. Kama nyimbo unazozipenda ziko huku, huduma ya gharama kubwa isiyo nazo haitakusaidia kitu.

Hapo ndipo pa kuanzia. Andika nyimbo kumi unazosikiliza kila wiki, uzitafute katika kila huduma kabla ya kulipa. Ikiwa nane kati ya kumi hazimo, umeshapata jibu.

Je, utaisikia tofauti?

Tuseme ukweli. Watu wengi wakifungwa macho na kusikilizishwa sauti kamili na MP3 nzuri ya kilobiti 320, hawawezi kusema ipi ni ipi. Tofauti kubwa inayosikika ni kati ya faili bovu, lile lililopita kwenye simu kumi na kupunguzwa kila mara, na faili zuri.

Tena kuna njia ya kufika sikioni. Hedifoni za Bluetooth hupunguza sauti upya kabla ya kuisafirisha. Hata teknolojia ya LDAC ya Sony, ambayo ni miongoni mwa zilizo bora, hufika kilobiti 990 kwa sekunde, chini ya 1,411 za CD. Ukiacha vifaa vichache vya bei kubwa, kusikiliza sauti kamili kwa Bluetooth ni sawa na kuchota maji kwa ndoo kubwa halafu kuyamimina kwenye kikombe. Hedifoni za waya, hata za bei ya kawaida, zinakutendea haki zaidi.

Kabla hujaamua, fanya jaribio hili na rafiki:

1. Chagua wimbo mmoja unaoujua vizuri, wenye sauti nyingi za waimbaji.
2. Pakua mara mbili: kwa sauti kamili na kwa kilobiti 320 au 256. Huduma nyingi hutoa kipindi cha majaribio bila malipo. Weka kikumbusho cha kujiondoa kabla hakijaisha.
3. Geuka, usiione simu. Rafiki akuchezee moja kati ya hizo mbili, kwa sauti ileile, mara kumi, bila mpangilio.
4. Kila mara sema ipi unaisikia. Naye aandike.

Ukipata tano au sita kati ya kumi, ulikuwa unabahatisha. Ukipata tisa au kumi, masikio yako na hedifoni zako vinastahili sauti kamili.

Malipo: mahali wengi wanapokwama

Huduma nyingi za kimataifa zinataka kadi ya benki. Kwa wengi wetu kambini, pesa iko kwenye Airtel Money au TNM Mpamba. Kabla ya kujisajili, fungua ukurasa wa malipo uone njia zinazokubaliwa ukiwa Malawi. Swali kuhusu kadi mlipeleke kwa wakala rasmi au ofisi ya mtandao wako, si kwa mtu aliyekutumia ujumbe.

Ndugu aliye nje anaweza kutaka kukusaidia. Kuna mambo mawili ya kujua. Kwanza, kadi ya zawadi ya Apple iliyonunuliwa Marekani haifanyi kazi kwenye akaunti iliyofunguliwa Malawi. Pesa yake itakuwa imekaa bure. Pili, mpango wa familia wa Spotify unataka wanafamilia waishi anwani moja. Mara nyingi ni afadhali ndugu akutumie pesa, nawe uamue kama ni ya muziki au ya jambo lingine.

Kumbuka pia kwamba nyimbo ulizopakua ndani ya huduma hizi si mali yako. Ukiacha kulipa, hazichezi tena. Na Spotify inataka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo ulichopakua kinafutika.

Jihadhari na programu zilizochakachuliwa

Kwenye makundi ya WhatsApp huzunguka programu zinazojiita “Spotify ya kulipia, bure”. Hizi hazitoki kwenye duka rasmi la programu. Mtu amezifungua, akabadilisha anachotaka, na hujui ameweka nini ndani. Programu ya namna hiyo inaweza kuomba ruhusa ya kusoma ujumbe wako, na ujumbe ndiko zinakoingia namba za siri za mara moja na taarifa za pesa yako. Hakuna wimbo unaostahili kukupotezea pesa ya mwezi mzima. Kama umeshaiweka, iondoe, kisha badilisha namba yako ya siri ya pesa za simu.

Kama wewe ni mwimbaji au kwaya

Hapa ndipo sauti kamili ina uzito wa kweli. Dzaleka ilifunguliwa kuwa kambi mwaka 1994, na tangu hapo nyimbo zimeletwa hapa kutoka Uvira, Bukavu, Bujumbura, Kigali na kwingineko. Tangu mwaka 2014, Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na mshairi na mwanamuziki Menes la Plume, limeleta wageni kambini kuja kusikiliza. Muziki upo. Swali ni kama rekodi zake zitakuwepo miaka 20 ijayo.

Kwaya nyingi hurekodi, zinapewa MP3 na studio, zinaisambaza kwa WhatsApp, na faili la kwanza linafutwa ili kompyuta ipate nafasi. Baadaye msambazaji wa muziki anaomba WAV au FLAC, na haipo. Kuigeuza MP3 kuwa FLAC hakusaidii: faili linakuwa kubwa, lakini kilichoondolewa hakirudi. Na kama mzee aliyeanzisha wimbo ameshafariki, au waimbaji wamehamishiwa nchi ya tatu, hakuna wa kurekodi naye tena.

Fanyeni hivi:

• Mnapolipa studio, kubalianeni mapema kwamba mtapewa WAV au FLAC, si MP3 pekee. Njooni na flashi yenu. Albamu ya nyimbo 12 kwa WAV ya kiwango cha CD ni MB 500 hivi, kwa hiyo flashi ya GB 8 inatosha na kubaki.
• Wekeni nakala mbili mahali pawili tofauti: moja kwa mwalimu wa kwaya, nyingine kwa mtu wa nyumba nyingine. Moto, mvua au mwizi visichukue zote.
• Mkirekodi kwa simu, angalieni kama programu ya kurekodi ina chaguo la WAV. Zimeni feni, fungeni mlango, simu iwe mbele ya waimbaji, si mfukoni.
• Mkituma rekodi kwa WhatsApp, itumeni kama hati, ili ifike kama ilivyotoka.
• Andikeni jina la wimbo, mtunzi, lugha, mwaka na waimbaji. Faili lenye jina “Audio 004” halimwambii mtu kitu.
• Mkitaka kuuza, Bandcamp humruhusu mnunuzi apakue FLAC na kubaki nayo. Kabla ya kusaini mkataba wowote na msambazaji, someni nani atamiliki rekodi. Hapa Malawi masuala ya hakimiliki husimamiwa na COSOMA. Ulizeni ofisini kwao jinsi ya kusajili kazi.

Maswali manne kabla ya kulipa

1. Nyimbo ninazozipenda zimo?
2. Nitalipaje, na nitaweza kulipa tena mwezi ujao?
3. Nitapakua wapi, bila kumaliza bando la familia?
4. Nasikiliza kwa kifaa gani, na nimefanya jaribio la kufunga macho?

Majibu yote manne yakiwa mazuri, lipia na ufurahie. Likikosekana moja, baki na kilobiti 160 zako, pakua nyimbo zako, wala usione haya. Ila kama kuna rekodi ya kwaya yenu kwenye kompyuta ya mtu fulani, nenda kaiombe wiki hii, kabla hajaifuta.